Wageni kutoka Zuhura

Kila alfajiri Cecilia alichukua mtungi na kuteremka kijitoni. Kijiji chao, Mhangasi, kilikuwa upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, juu kidogo ya Kinole. Njia ilipita kati ya migomba na matuta ya maharage, kisha ikashuka ghafla penye mawe ya utelezi. Hapo Cecilia alikuwa na desturi ya kusimama na kutazama chini, ambako bonde la Mikese lilikuwa bado limejaa ukungu. Juu ya ukungu iling'aa nyota moja kubwa, nyota ya Zuhura.

Ulikuwa mwaka wa 1910, na nchi ilikuwa chini ya Wajerumani. Gari la moshi lilikuwa limefika Morogoro miaka michache tu nyuma. Baba yake Cecilia alikuwa mbali, kwenye kazi ya kujenga reli kuelekea Tabora, na Cecilia aliishi na mama yake na mjomba wake Lukasi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Hakuwa msemaji, lakini kichwa chake hakikupumzika.

Shule ya kijiji ilikuwa banda la udongo, na mwalimu alikuwa mmoja tu, Mwalimu Fransisko. Yeye alisomea kwenye misheni ya Morogoro, na huko mtawa mmoja Mzungu, aliyeitwa bruda, alimwonyesha mwezi kwa darubini. Wiki chache kabla ya Pasaka aliwaambia wanafunzi wake kwamba baadhi ya nyota tunazoziona ni dunia nyingine kama hii yetu.

"Jumatatu ya Pasaka," alisema, "kila mmoja atasimama mbele ya wazazi. Atatusimulia likizo yake kwenye mojawapo ya dunia hizo. Alisafirije, alilala wapi, alikula nini. Atakayesimulia vizuri kuliko wote, nitashuka naye Mikese masika yakiisha, na tutapanda gari la moshi mpaka Morogoro."

Hakuna mtoto wa Mhangasi aliyewahi kupanda gari la moshi.

Tangu siku hiyo Cecilia aliitunga safari yake kila asubuhi akienda kijitoni. Reli yake ilitandikwa juu ya ukungu, ikapanda moja kwa moja mpaka Zuhura. Abiria walifungwa kwenye viti kwa vitambaa ili wasielee kama manyoya ya kuku. Huko Zuhura maji yalipanda mlima yenyewe, hivyo wasichana hawakubeba mitungi, na hapakuwa na askari wa kumwita baba ya mtu akafanye kazi mbali. Wenyeji walimpikia ndizi, wakamlaza kwenye kitanda laini. Jioni msichana mmoja wa huko alimwonyesha nyota ndogo sana mbinguni, akasema, "Ile ni ndogo mno, haiwezi kukaliwa na watu." Nyota hiyo ilikuwa ni dunia yetu. Siku ya kuondoka Cecilia aliwaalika wenyeji wake waje nao kututembelea, kwa kuwa mgeni mwenye adabu hukaribisha waliomkaribisha.

Safari hiyo alimsimulia mtu mmoja tu, rafiki yake Rosa, aliyekuwa akiteka maji pamoja naye. Rosa aliishi na bibi yake, Bibi Mwaisha, mfinyanzi wa vyungu. Kila siku Rosa aliuliza, "Halafu ikawaje?" Na Cecilia aliendelea.

Jumatatu ya Pasaka Rosa aliitwa kabla ya Cecilia. Alisimama wima na kuanza kusimulia habari za reli iliyotandikwa juu ya ukungu.

Mwanzoni Cecilia alidhani amesikia vibaya. Kisha vikaja vitambaa vya kuwafunga abiria, yakaja maji yanayopanda mlima, akaja yule msichana na nyota yake ndogo. Wazazi walicheka na kupiga makofi. Rosa alikuwa na sauti nzuri, naye alijua mahali pa kutulia ili watu wangoje. Alipomaliza kwa kuwaalika watu wa Zuhura, hata mjomba Lukasi alikuwa akitabasamu.

Zamu ya Cecilia ilipofika, alisimama. "Mwalimu, hadithi ile ni yangu," alisema.

"Simulia yako, Cecilia," mwalimu alijibu.

"Ndiyo hiyo. Nami nilikwenda Zuhura."

Watoto waliangua kicheko. "Anaiga," mmoja alisema nyuma. Mwalimu Fransisko alitikisa kichwa kwa huzuni. "Si vizuri kumwonea mwenzako wivu," alisema. "Kaa chini."

Cecilia alikaa, na Rosa ndiye aliyetajwa mshindi. Kesho yake kijitoni alimuuliza Rosa kwa nini amefanya vile. Rosa alikuwa akisugua mtungi wake kwa mchanga, wala hakuinua uso.

"Hukuniambia kwamba ni siri," alisema. "Tena mimi nimeisimulia vizuri zaidi. Wewe ungesimama pale ukababaika."

Maneno hayo yalimchoma Cecilia kuliko wizi wenyewe, kwa sababu alijua yana ukweli ndani yake. Tangu siku hiyo alikwenda kuteka maji peke yake. Akiwa anapalilia alifikiri jinsi ya kumlipa Rosa. Akiwa anatwanga alifikiri hayo hayo. Alitaka siku moja Rosa asimame mbele ya watu, aseme kweli, na asiwepo hata mmoja wa kumwamini.

Baada ya wiki kadhaa Mwalimu Fransisko alimkuta akifagia darasa peke yake. Labda alikuwa amemwonea huruma, kwani alikaa kwenye benchi na kuzungumza naye kwa upole.

"Nimeitwa Morogoro," alisema. "Nitachelewa kurudi. Kuna jambo nilitaka kuwaambia watu Jumapili, na sasa sitakuwapo. Mwezi wa tano itaonekana nyota yenye mkia mrefu, upande wa mashariki, alfajiri. Bruda ameniambia ilishawahi kuja zamani, ikaenda zake, na itakuja tena. Haidhuru mtu. Ukiona watu wanaogopa, waeleze. Wewe unaelewa mambo haya kuliko wenzako."

"Nitawaeleza, Mwalimu," Cecilia alisema.

Nyota ilikuja kama alivyoambiwa. Asubuhi moja mvua ilipumzika, mbingu ikawa safi, na hapo juu ya bonde, karibu na Zuhura, ukaonekana mwanga kama moshi mweupe uliosimama. Baada ya siku chache mkia wake ulikuwa mrefu kuliko mlima. Mama Yunusi, jirani yao, alikuwa uani anatwanga mahindi. Aliacha mchi ndani ya kinu akashika kichwa.

"Cecilia mwanangu, wewe unasoma," alisema. "Kitu gani kile?"

Cecilia alikuwa na jibu mdomoni. Alifungua kinywa alitoe, na badala yake yakatoka mengine.

"Si Rosa alisema aliwaalika watu wa Zuhura?" alisema taratibu. "Sote tulimsikia siku ya Pasaka. Labda ndio wageni wake."

Mama Yunusi alimbeba mtoto wake mchanga aliyekuwa kwenye mkeka, akaingia naye ndani na kufunga mlango.

Cecilia alikwenda nyumba ya pili kuomba moto, akasema vilevile. Mashambani alimwambia na mke wa Stefano, mkulima wa migomba. Hakusema kwamba Rosa ni mchawi. Alikumbusha tu yale ambayo Rosa mwenyewe aliyasema mbele ya watu wote, na kila alipoyasema alisikia utamu kifuani, kama mtu anayekunywa maji baada ya kazi ya jua kali. Jioni maneno yalikuwa yakitembea bila yeye. Asubuhi yalikuwa yameota miguu mingine. Watu walisema Rosa hawezi kufika nyotani peke yake, ila alipelekwa na bibi yake, na kwamba Bibi Mwaisha husafiri ndani ya vyungu vyake.

Wiki hiyo mtoto mchanga wa Mama Yunusi alishikwa na homa kali. Upepo uliangusha migomba ya Stefano. Vyungu vya Bibi Mwaisha, vilivyokuwa vimeanikwa nje, vilikutwa vimevunjwa vyote. Wasichana walimfukuza Rosa kijitoni kwa mawe, na jiwe moja likampasua mguu.

Rosa alimjia Cecilia shambani akichechemea. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Cecilia, nakuomba," alisema. "Waambie ile ilikuwa hadithi tu. Waambie uliitunga wewe. Mimi hawanisikilizi."

Cecilia aliendelea kulima. Siku aliyoingoja ilikuwa imefika.

"Si ulisema unaisimulia vizuri zaidi?" alimjibu. "Wasimulie tena."

Rosa aligeuka na kwenda zake. Cecilia alimtazama mpaka alipopotea kwenye migomba, na hakumwonea huruma.

Jioni hiyo mjomba Lukasi alirudi kutoka barazani kwa Jumbe Stambuli, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali. Hakugusa chakula.

"Jumbe ameamua," alimwambia dada yake. "Mwaisha na mjukuu wake waondoke Mhangasi kesho jua likichomoza juu ya bonde. Nyumba yao itachomwa moto. Nami nimetajwa miongoni mwa watakaoichoma."

"Kwa sababu ya nyota?" mama yake Cecilia aliuliza.

"Kwa sababu ya woga. Jumbe anakumbuka vita. Maneno ya dawa na miujiza yalipoenea huku, askari walipanda milimani, wakachoma maghala, watu wakala mizizi. Anasema Wajerumani wa bomani wakisikia kuna bibi anaita nyota, watapanda tena. Afadhali watoke wawili kuliko tuangamie wote."

"Kikongwe yule atashukaje mlima?"

Lukasi alisukuma chakula kando, akatoka nje.

Cecilia alikuwa ametaka Rosa aaibike, hakuwa amefikiria moto. Lakini hata hivyo moyo wake haukulainika mara moja. Alijiambia kwamba Rosa ndiye aliyeanza. Kulipopambazuka alikwenda nyumbani kwao, na ukweli ni kwamba alikwenda kutazama. Alitaka kumwona Rosa akifunga mzigo.

Alimkuta Bibi Mwaisha ameketi mlangoni, mguu wa Rosa ukiwa juu ya mapaja yake, anaufunga kwa kitambaa. Pembeni palikuwa na mkeka uliokunjwa, jembe na chungu kimoja kilichosalimika. Rosa alipomwona Cecilia aligeuza uso. Lakini bibi aliinua kichwa, akakaza macho yake mabovu, akatabasamu.

"Shikamoo, Bibi," Cecilia alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja. Nilijua yuko mmoja atakayekuja kutuaga. Wengine wote wameogopa." Akamwonyesha mzigo. "Nifungie kamba ile, mikono yangu haina nguvu. Tena nisaidie kuchagua. Nichukue jembe au chungu? Vyote viwili siviwezi, na Rosa hawezi kubeba kwa mguu huu."

Cecilia alishika kamba. Rosa hakumwambia bibi yake lolote juu ya yule aliyekuja kuwasaidia. Angeweza kusema. Cecilia aliiacha kamba ikaanguka, akakimbia.

Barazani kwa jumbe watu walikuwa wameshakusanyika, na wanaume watatu, Lukasi akiwa mmoja wao, walishika mienge ambayo haijawashwa. Cecilia alipenya katikati yao akapiga magoti mbele ya Jumbe Stambuli.

"Shikamoo, Bwana Jumbe. Naomba kusema."

"Watoto hawana neno hapa," jumbe alisema.

"Neno lenyewe limetoka kwangu," Cecilia alisema. "Nyota ile Mwalimu Fransisko aliijua kabla haijaja. Aliniagiza niwaambie msiogope, kwamba ilikuja zamani na itaondoka. Sikuwaambia. Na ile safari ya Zuhura sikuisikia kwa Rosa, niliitunga mimi. Rosa aliichukua akaisimulia, nami nikakasirika, nikataka kumlipa. Nilisema wale ni wageni wake. Nilikuambia wewe, Mama Yunusi, ulipokuwa unatwanga. Nikamwambia mke wa Stefano shambani. Bibi Mwaisha hajui lolote. Kama ni kufukuza, aliyewaalika watu wa Zuhura ni mimi."

Watu walitazamana. Mama Yunusi alishusha macho. Jumbe Stambuli alikuwa amekunja uso, na mkono wake ulitafuta kiboko kilichokuwa kando ya kiti.

"Kwa hiyo mtoto wa kike amekichezea kijiji kizima," alisema. "Hata mimi. Lala kifudifudi."

Lukasi alitupa mwenge wake chini. "Mpwa wangu amekosa, na ataadhibiwa," alisema. "Lakini anayestahili kusema adhabu ni yule aliyekosewa. Aitwe Mwaisha."

Bibi Mwaisha aliletwa akiwa ameshikwa mkono na Rosa. Alisikiliza kila kitu mpaka mwisho. Rosa, bila kuulizwa, akasema kwa sauti ndogo, "Ni kweli. Hadithi ni yake. Niliiba." Bibi alimgeukia mjukuu wake akamtazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama Cecilia.

"Ulipokuja kunifungia mzigo ulikuwa unajua haya?" alimuuliza.

"Nilijua, Bibi."

"Basi sitaki apigwe," Bibi Mwaisha alimwambia jumbe. "Kiboko kitamuuma leo, na kesho watu watasema alikiri kwa kuogopa kiboko. Maneno aliyapeleka nyumba kwa nyumba. Ayafuate nyumba kwa nyumba, ayarudishe. Na huyu wangu ataongozana naye, akaseme naye alichoiba. Wakimaliza watachimba udongo wote wa vyungu nilivyovunjiwa. Na ninyi wakubwa mlioshika mienge, sitawaambia kitu. Mnajijua."

Jumbe aliamuru mienge iondolewe.

Wasichana wale wawili walizunguka Mhangasi yote, Rosa akichechemea, Cecilia akienda mbele. Cecilia alikuwa bado na hasira yake, na Rosa sasa alikuwa na ya kwake, tena kubwa zaidi. Kila mlangoni walisema yale yale. Wengine waliwasamehe, wengine waliwakaripia. Mama Yunusi, ambaye mtoto wake alikuwa ameanza kupata nafuu, aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Juzi ulisema hivi na leo unasema vile," alimwambia Cecilia. "Mimi nitajuaje lipi la kweli?"

Hata baada ya mwezi, Mama Yunusi alikuwa bado akizunguka njia ndefu ili asipite mbele ya nyumba ya mfinyanzi.

Nyota yenye mkia ilihamia upande wa magharibi, ikafifia, ikaondoka, na haikumdhuru mtu yeyote. Mwalimu Fransisko aliporudi aliambiwa yote. Alimwita Cecilia mbele ya darasa. "Ulinieleza kweli siku ya Pasaka nikakukalisha chini," alisema. "Nilikosa kukusikiliza. Lakini nilikuamini kwa jambo jingine ukaliharibu. Mwaka huu hakuna atakayepanda gari la moshi." Watoto wote walinung'unika. Cecilia na Rosa walitazama sakafu.

Kazi ya udongo iliendelea mpaka kiangazi. Alasiri moja walipotua vikapu vyao uani, Bibi Mwaisha aliwaamuru wakae.

"Nilikaribia kuchomewa nyumba kwa ajili ya safari hii, na mpaka leo sijaisikia," alisema. "Cecilia, isimulie."

Cecilia alisimulia. Alibabaika mwanzoni, na mara mbili alirudi nyuma kuongeza alichosahau. Bibi alitaka kujua kama huko Zuhura kuna udongo mzuri wa kufinyangia. Cecilia alipofika kwa yule msichana na nyota ndogo, Rosa alicheka kidogo bila kukusudia. Bibi naye alicheka, kisha akaacha kufinyanga na kuwageukia wote wawili.

"Rosa, ulichukua kitu cha mwenzako kwa sababu hakikuwa na kufuli. Huo ni wizi kama wizi mwingine, na hakuna makofi yatakayokifanya kiwe chako," alisema. "Na wewe Cecilia, sikia. Wewe ulikuwa na haki. Ulidhulumiwa. Ungekuja hapa siku ile ile ukaniambia, ningemshika huyu mkono nikampeleka kwa mwalimu, akaseme kweli mbele ya watu. Ulikuwa na kesi nzuri, mwanangu, ukaiharibu mwenyewe, maana ulitaka kuumiza kuliko ulivyotaka haki. Mtu akikudhulumu, mfuate mchana, kwa maneno ya kweli, na ukikataliwa tafuta mkubwa mwingine atakayekusikia. Ukilipiza kwa uongo, hujui uongo huo utaishia mlangoni kwa nani. Wako uliishia kwangu, na mimi sikuwa nimekukosea lolote."